Usikikalie Kile Kiti

Tseikuru, mwezi wa kumi

Kwako Mama Mwende, mke wangu,

Kama barua hii imekufikia ukiwa umesimama, tafuta mahali ukae, lakini usikae juu ya kile kiti nilichokutumia. Kitoe nje. Najua hivi si kusalimia, na mama yangu, mwaitu, akisikia nimeanza kwa amri kabla ya kuuliza habari za magoti yake atasema mwanawe ameharibikia porini, ila jambo hili haliwezi kungoja. Kitoe sasa hivi kwa mlango wa nyuma, usikipitishe karibu na ghala, ukipeleke juu ya ule mwamba tunapoanikia maharagwe, ukimwagie mafuta ya taa na ukichome mpaka kiwe majivu. Usikipasue kuni za jikoni. Usimpe mtu. Na mke wa mchungaji akikuomba tena, mwambie kimevunjika. Ukishamaliza rudi usome yaliyobaki, mimi nangoja hapa.

Haya, sasa salamu. Mwaitu anaendeleaje? Yale magoti bado yanamtabiria mvua, au nayo yamekata tamaa kama mawingu? Mwende na Kyalo wanaenda shule bila kusukumwa? Na wewe mwenyewe, kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimeachia? Huko Nunguni nafikiri asubuhi bado mnaamka na ukungu mlangoni. Mimi huku ukungu nimeusahau unavyonukia. Mvua tunaisikia kwa redio, inanyesha Kericho. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa macho yanawasha kwa sababu nitakayokueleza nikifika huko mbele. Moyo ndio siwezi kukuambia ni mzima.

Barua yako niliipata kwa yule dereva wa lori la mbuzi. Aliiweka chini ya kiti chake na mbuzi mmoja akala kona ya bahasha, lakini maneno yote yalikuwa salama. Umeniuliza swali moja tu, na umeliuliza mwanzo na mwisho: kama neno langu la kwanza bado linasimama, uje na watoto shule zikifungwa, tukae wote huku. Nitakujibu. Lakini nikikujibu kwa neno moja utadhani nimepata mwanamke wa Tseikuru, kwa hivyo wacha nikueleze yote tangu mwanzo, ndipo ulielewe jibu.

Unakumbuka tulikuja huku mimi na Musembi, yule fundi mzee aliyenifunza kushika tezo, kwa ajili ya mpingo. Kwetu mpingo uliisha zamani, na watu walisema Tseikuru upo wa kujikwaa. Ulikuwepo, sikatai. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunaenda mwendo mfupi na punda tunarudi na magogo. Kisha mwendo ukawa mrefu. Kisha tukawa tunarudi na punda mtupu. Wengine wenye misumeno walikuwa wameshapita, na penye mpingo sasa kuna visiki tu, na watoto wa hapa wanavikalia wakichunga.

Basi tukabaki na migunga. Lakini nayo kiangazi hiki kirefu kimeifanyia jambo ambalo hata wenyeji hawajawahi kuliona. Inakufa ikiwa imesimama. Unaona mti mkubwa, matawi yote yako mahali pake, hata viota vya ndege viko, ukiugusa gome linakuja mkononi lote kama ngozi ya mbuzi aliyechunwa vizuri. Ndani ni wadudu. Wanawake wa hapa wanasema wadudu walikuwako tangu zamani, ila mti ulikuwa na nguvu za kuwafukuza kwa utomvu. Sasa mti wenyewe hauna maji ya kunywa, utatoa wapi utomvu wa kupigana? Unaketi unaliwa. Ukitembea msituni mchana wa joto na upepo umetulia, unawasikia wakitafuna.

Siku moja nilikuwa natafuta kuni za chai tu, sikuwa na wazo lingine. Nikabandua gome la mgunga mmoja uliokufa, na chini yake, Mama Mwende, nikaona kitu kilichonifanya niweke shoka chini. Mti wote ulikuwa umechorwa. Mistari imeanzia mahali pamoja ikatawanyika, imejipinda, imekutana, imeachana, haipandani hata mara moja. Myembamba mwanzoni, na minene kadiri mdudu alivyonenepa. Ilikuwa myeupe juu ya mti mwekundu. Nilikumbuka viondo anavyosuka mwaitu, vile anavyobadilisha uzi bila kutazama mikono. Nimechonga tangu ujana wangu, nimechonga swara na twiga mpaka naota pembe, na sijawahi kuchora mstari mmoja mzuri kama ule.

Nikakata gogo lake nikalibeba nyumbani. Musembi aliponiona akacheka mpaka akakohoa. "Mutinda, hiyo si kazi, hiyo ni kuni," akaniambia. Unajua sheria ya wachongaji. Mti ukiwa na tundu hutupwa motoni, na kama huna mwingine, tundu linazibwa kwa unga wa msasa na gundi, kisha unapaka rangi ya viatu nyeusi mnunuzi asione. Hiyo ndiyo kazi tuliyofunzwa, kuficha. Mimi nikafanya kinyume. Nikachonga kiti cha miguu mitatu kama vile vya wazee wetu, lakini juu, mahali pa kukalia, sikugusa kwa tezo. Niliacha ile michoro kama wadudu walivyoiacha, nikapitisha msasa laini tu kuondoa vumbi, na matundu nikayaacha wazi. Cha pili kama hicho ndicho nilichokutumia wewe.

Kiti cha kwanza alikichukua Mama Wairimu. Nilikwisha kukutajia habari zake, yule mama Mkikuyu mwenye duka la vinyago Emali, kando ya barabara ya Mombasa, ambaye huja huku na pikapu yake kuchukua kazi zetu. Siku hiyo hakutaka twiga. Aliwapita twiga wa Musembi kama watu asiowafahamu, akainama juu ya kile kiti.

"Hii umechonga wewe?"

"Kiti nimechonga mimi," nikamwambia. "Hiyo michoro ni ya wadudu."

"Wacha hayo ya wadudu. Mgeni akikuuliza, usitamke wadudu." Akapitisha kidole juu ya mistari, polepole, mpaka ukingoni. "Hii ni dizaini. Hakuna viwili vinavyofanana, sivyo?"

"Haviwezi kufanana. Kila mti umeliwa kivyake."

"Basi nataka vyote utakavyoweza. Viti, mabakuli, hata vipande vya kutundika ukutani. Kuna hoteli inajengwa huko chini, inatafuta kitu ambacho kila duka halina."

Mama Mwende, siku hiyo sikulala kwa furaha, na sikuona haya. Si kwa sababu ya oda. Ni kwa sababu nilidhani nimepata mlango. Fikiria: msitu wote huu unakufa, na sisi wachongaji tunalaumiwa kuwa ndio tunaoumaliza, na lawama ni ya kweli. Na sasa nimepata njia ya kula kwa mti uliokwisha kufa bila kugusa ulio hai. Miti iliyokufa iko mpaka upeo wa macho. Nilihesabu maisha yetu juu yake. Nikaona nyumba yetu hapa karibu na kisima cha kanisa, nikakuona wewe umeketi kivulini unapiga msasa, maana mkono wako ni mwepesi kuliko wa Musembi, nikaona Kyalo akijifunza tezo. Ndipo nikakuandikia ile barua ya kukuita. Kila neno katika barua ile nililiandika nikiamini.

Sasa sikiliza pale mambo yalipoharibikia. Kwetu kila mtu anajua mti mpya hauingii ndani bila kupita kwenye moshi. Baba yangu hakuweka hata mpini wa jembe ndani ya nyumba kabla haujalala juu ya itaa, pale darini juu ya mafiga, msimu mzima, mpaka uwe na harufu ya jikoni. Musembi akaniambia, "Hivyo viti vyako vipandishe kwa moshi." Nikapandisha kimoja. Kiliposhuka kilikuwa kimekuwa cheusi chote. Mistari myeupe ilikuwa imekunywa moshi ikalingana na mti wenyewe, na ile kazi nzuri haionekani tena. Mama Wairimu alipokiona akakirudisha. Akasema cheusi anacho dukani tele.

Basi nikafikiri nikajijibu mwenyewe, na hilo ndilo nitakalojuta. Nikasema matundu haya ni ya wadudu waliotoka. Mtu ukiona mlango uko wazi na nyumba iko kimya, unasema wenyewe wamehama. Kwa hivyo nikaacha moshi. Badala yake nikanunua nta kwa warina asali wa hapa, nikaiyeyusha, nikaimimina ikiwa moto kwenye kila tundu na kusugua kwa kitambaa mpaka kiti king'ae na mistari iwe kama imewekewa kioo. Musembi alitazama akatikisa kichwa. "Moshi hauna mapambo, lakini unaua," akasema. Nikamwambia yeye ni mzee na wazee hupenda kila kitu kiwe cheusi. Tukacheka wote wawili. Tulifanya kazi miezi ile kama watu waliofunga ndoa jana, na pikapu ikaja ikajaa, ikaja tena ikajaa.

Sikujua jambo moja. Tundu la nje ni mlango wa aliyetoka. Walio bado ndani hawana mlango, na hawana haja nao, kwa sababu bado wanakula. Nami nikawafungia kwa nta wakae salama bila baridi wala siafu.

Mama Wairimu alirudi mwezi uliopita. Nilisikia pikapu nikatoka na viti vipya begani. Yeye hakuteremka haraka kama kawaida yake. Alipofungua nyuma, nikaona viti vyangu vimerudi, vimepangwa vile vile nilivyovipanga. Juu bado vilikuwa vizuri, Mama Mwende. Vizuri kabisa. Akachukua kimoja akakiweka juu ya boneti.

"Mutinda, weka sikio hapa."

Nikaweka. Ule mlio niliousikia msituni ulikuwa ndani ya kiti. Akakibonyeza mguu kwa kidole gumba tu, mguu ukazama kama mkate, na unga mweupe ukamwagika juu ya boneti.

Akanieleza yote bila kupandisha sauti, na heri angenigombeza. Katika ile hoteli kiti kimoja kilikatika mgeni akiwa amekikalia, mwanamke mzima na heshima zake, chai yote mapajani. Hilo lilikuwa dogo. Wadudu walikuwa wametoka kwenye viti wakaingia kwenye nguzo za banda la kulia chakula, na hoteli imekataa kumwona Mama Wairimu tena. Dukani kwake viti vyangu vilikuwa vimekaa karibu na kazi za watu wengine, mabakuli, vinyago, vijiko, jasho la mafundi wa huko Wamunyu ambao hawajawahi kunisikia. Vimeliwa. Amechoma kila kitu nyuma ya duka akabaki na shelfu tupu.

"Sijakuja kukushtaki," akaniambia. "Mimi ndiye niliyekataa moshi. Nimekuja uone kwa macho yako, usije ukaendelea."

Musembi akamkaribisha chai. Akanywa yote, akashukuru, akapakua viti mwenyewe kimoja kimoja akavipanga chini ya mti, akaenda. Sijamwona tena, na sitarajii kumwona.

Lori la mbuzi halikupita tena mpaka juma hili, ndipo likaleta barua yako. Umeniandikia kwa furaha. Ati wanawake wa kwaya wanakuja kukiangalia kile kiti, ati mke wa mchungaji anataka kimoja cha kuweka karibu na mimbari. Ati kiti changu kinaongea watoto wakilala, na Kyalo anasema ni mimi ninayewasalimia kutoka Tseikuru. Na kwamba kila asubuhi unakuta unga kidogo chini yake unaufagia ukidhani ni wa sima. Nilisoma hapo nikaiweka barua chini. Nilikutumia zawadi, nami nimekutumia njaa ndani ya nyumba.

Kwa maana hawa si bungua wa kawaida tu wanaokula nguzo na kutosheka. Wenyeji hapa wananiambia ni ndugu wa dumuzi, na wapo wanaotoka kwenye mti wakaingia kwenye mahindi kama mtu anayetoka chumba kimoja kwenda kingine. Ndiyo maana nilikuambia usikipitishe karibu na ghala. Ukishachoma kiti, panda ghalani utumbukize mkono mpaka chini kabisa. Ukitoka na nafaka kavu tupu, mshukuru Mungu kwa niaba yangu. Ukitoka na unga, usingoje. Toa yote juani, chambua, saga yaliyo mazima, na kaanga ya mbegu pembeni na majivu ya mavi ya ng'ombe kama mwaitu anavyofanya. Hapana, nimeandika vibaya, si kukaanga, ni kuchanganya na majivu. Unaona hata kichwa changu hakiko sawa. Na gonga nguzo ya katikati ya nyumba, ile iliyo karibu na mahali kiti kilipokuwa. Ikilia nzito iko sawa. Ikilia kama debe, mwite ndugu yangu Kioko aiangalie kabla ya mvua.

Usidhani nilikaa tu. Nilijaribu kila njia ya kuwaua na kuacha ule uzuri. Mafuta ya taa yaliua, lakini kiti kikanuka na mistari ikawa manjano chafu. Jua liliua kidogo na kupasua sana. Nikachemsha vipande kwenye pipa, mti ukafura, michoro ikajifunga kama kidonda kinachopona. Moshi ndio dawa, na moshi unafuta. Nimezunguka hapo mpaka nimechoka. Kile kinachofanya mti huu uwe mzuri ndicho kinachoula, na ukikiondoa unabaki na kuni, kama alivyosema Musembi tangu siku ya kwanza. Mzee hajanikumbusha hata mara moja. Ningependa anikumbushe, nipate mtu wa kubishana naye.

Badala yake ameniambia jambo lingine. Siku moja aliamka akachukua tezo zake zote, akazifunga kwa gunia, akazitundika ukutani. "Makaa hayaulizi dizaini," akasema. Malori ya makaa yanapita hapa kila juma siku hizi. Nilikataa. Nilimwambia nimekuja huku kuchonga, na kwamba wewe uliolewa na fundi si na mchoma makaa. Kwa muda nilikaa kivulini peke yangu na viti vilivyorudi, navisikiliza vikiliwa. Kisha nikaenda.

Na hili sikutaka kukuandikia, lakini wewe si mtu wa kufichwa. Mti ulioliwa haufai hata kwa makaa. Ukiuchoma unatoa majivu na vumbi, wenye lori wanaupiga teke. Wanataka mti mbichi, mzito. Kwa hivyo tunaipita ile iliyokufa, yote ile, tunakwenda kutafuta ile michache iliyobaki hai. Juzi niliangusha mgunga uliokuwa na maua. Nyuki walikuwa juu yake, na ulipoanguka waliendelea kuzunguka hewani pale pale maua yalipokuwa. Niliona aibu, Mama Mwende. Niliona aibu na nikaendelea kukata matawi, kwa sababu lori lilikuwa linakuja. Hii ndiyo sababu macho yanawasha. Ni moshi wa tanuru, na ukiona alama nyeusi kwenye karatasi hii ujue nimenawa mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Sasa jibu lako. Usije.

Usije shule zikifungwa, wala baada ya mavuno, wala usidanganywe na mtu atakayekuambia Tseikuru kuna kazi. Kazi iliyopo ni hii, na haitadumu, maana miti yenyewe unaweza kuitazama ukaona mwisho wake. Hapa hakuna kitu cha Mwende wala Kyalo. Na kuhusu kile kipande chetu cha juu, ulichosema ndugu yangu Kioko atakilima ukishahama, mwambie hapana. Kama ulishamwambia ndiyo, nenda ukamwambie hapana mbele ya mwaitu, kwa sababu mbele ya mwaitu Kioko hawezi kubisha. Fanya hivyo kabla hajatia jembe. Akishapanda mbegu yake, hata mwaitu hataweza kumwondoa, unajua mila yetu ilivyo, aliyepanda huachiwa avune, na akishavuna mara moja anaona ni pake. Kipande hicho ndicho kitu cha pekee tulichobakiwa nacho. Mimi ndiye niliyekuambia ukiachie, na sina usingizi nikifikiria kwamba barua ile ilifika upesi na hii itachelewa. Dereva anasema mto ukijaa hatapita. Naomba mvua isinyeshe mpaka avuke, mimi ambaye nimeomba mvua miaka yote hii.

Utauliza kama basi nitarudi mimi. Wazee husema ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Lakini zizi letu unalijua. Nikirudi nitakaa mezani nile ulichopanda wewe, na Kioko atanitazama, na mwaka ukiisha nitaondoka tena. Kwa hivyo sitasema nitarudi, na sitasema sitarudi. Nitakaa huku nikichoma kilichobaki, nikutumie kitakachopatikana. Usinisubiri kwa tarehe. Nimekupa tarehe nyingi na zote zimeoza.

Nisalimie mwaitu, umwambie nakula vizuri na sikuwa na nafasi ya kumwandikia kirefu. Usimsomee habari za ule mgunga wa maua, yeye amefuga nyuki tangu marehemu baba yuko hai. Nisalimie baba yako, mkwe wangu, ambaye hajawahi kunidharau hata nilipostahili. Nisalimie mchungaji na wote wa kwaya, waniombee, lakini usiwaambie ombi ni la nini. Kioko msalimie pia, ni ndugu yangu. Kyalo mwambie kiti kimeacha kuongea kwa sababu kimechoka, sisi wote tukichoka tunanyamaza.

Na Mwende. Chini ya barua yako aliongeza mistari yake kwa penseli, ati mwalimu aliuliza kila mtoto kazi ya baba yake, naye akasimama akasema baba yangu huchonga viti vilivyoandikwa na wadudu, na darasa zima likataka kujua zaidi, na mwalimu akamwambia siku moja alete kimoja waone. Sijui utamwambia nini akitafuta kiti asikione. Sema lolote utakaloona. Lakini ile kazi aliyomtajia mwalimu, nakuomba, usimsahihishe.

Ni mimi mume wako,

Baba Mwende